Sekunde Kumi za Tabibu

Wahindu hawakai matanga kama sisi. Kwao ni saa moja tu, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, watu wamevaa nyeupe, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Hakuna pilau, hakuna chai, hakuna anayekuuliza umekuja na nani. Unavua viatu, unasimama mbele ya picha iliyovishwa shada la maua, unakutanisha viganja, unakwenda kukaa. Saa ikitimia familia inasimama mlangoni na nyinyi mnapita mmoja mmoja. Niliyajua hayo kwa sababu Hitesh mwenyewe alinieleza, mwaka ule, jirani yao alipofariki, na mimi nikamcheka nikamwambia huo ni msiba au foleni ya benki. Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Sasa picha ilikuwa yake, na miwani ile ile ya duara, na mimi nilikuwa nimejifunga ushungi mweupe niliouazima dukani kwangu mwenyewe, kwa sababu nguo nyeupe sina.

Nje, kwenye viatu, nilimkuta Godi. Jina lake kamili ni Godlisten, lakini hakuna aliyewahi kulitumia zaidi ya mama yake. Amenenepa, kipara kinang'aa, na ana maduka mawili ya vyombo vya jumla Mtaa wa Kongo. Nilikuwa sijamwona kwa karibu miaka kumi, ingawa kutoka dukani kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika sita. Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Tabibu aliyelala! Mambo, Zuu? Hata leo umechelewa." Nikamjibu poa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano na watu walikuwa bado hawajaanza kuingia, lakini huyo ndiye Godi, ameshasema, na vijana wawili wa dukani kwake waliokuja naye walishaanza kutabasamu kwa sababu hadithi wanaijua. Miaka ishirini na miwili anawasimulia watu jinsi tabibu wake alivyomwacha akafa. Nikaingia ndani nikakaa upande wa wanawake, na kwa saa nzima, mbele ya ile picha, sikuomba dua hata moja. Nilikuwa naukumbuka mwaka ule.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo. Kungoja kule kulikuwa kurefu na hakukuwa na kazi ndani yake, kwa hiyo nikawa nakaa dukani kwa Shangazi, Mtaa wa Narung'ombe, nauza vifungo, zipu na nyuzi za cherehani. Duka hilo ndilo langu sasa. Juu yake, ghorofa ya pili, kulikuwa na chumba cha gemu. Mwenye chumba alikuwa Anko Bharat, mjomba wake Hitesh, mtu mwembamba aliyevaa suruali zilizopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ambaye biashara yake halisi ilikuwa taa na swichi na chumba hiki alikianzisha kwa sababu kompyuta tisa alizozileta hazikupata wanunuzi. Zilipangwa ukutani, madirisha yakazibwa kwa mapazia mazito mekundu ili mwanga usigonge vioo, na feni tatu zikawa zinazungusha joto lile lile. Kulinuka vumbi la mashine na udi ambao Anko aliuchoma kila asubuhi kwenye picha ndogo ya miungu yake juu ya stabilaiza ya umeme. Chini, barabarani, wamachinga walikuwa wanapiga kelele na vipaza sauti vyao. Ukivaa hedifoni kelele zinakatika, unasikia pumzi yako na za wenzako wawili. Nilipanda kule mara ya kwanza kupeleka zipu za yale mapazia. Nikashuka saa tatu baadaye, na Shangazi alinisema mpaka alasiri.

Gemu yenyewe tuliiita Ngome. Ina jina lake la Kizungu ambalo hakuna aliyelitumia. Mnacheza watatu, mnalinda ngome, na wanyama wa kutisha wanakuja kwa awamu, ishirini, kila moja kali kuliko iliyopita. Mmoja ni mshambuliaji, ana bunduki kubwa na anakwenda mbele. Mmoja ni mlinzi, anajenga kuta, anatega mitego, anafunga na kufungua mlango wa chuma. Na mmoja ni tabibu, ana bastola ndogo isiyoua hata panya, na mkoba. Tabibu anawafuata wenzake akiwafunga vidonda, na mmoja akianguka ana sekunde kumi za kumfikia na kumchoma sindano ya kumwinua. Duara jekundu linatokea juu ya aliyeanguka na linapungua. Likiisha, huyo amekwenda mpaka mchezo uishe. Sindano ni moja kwa kila awamu, haiongezwi.

Sikuchagua kuwa tabibu. Godi, mshambuliaji wetu, aliniangalia siku ya kwanza akasema, "Wewe dada, chukua mkoba," basi, ikawa hivyo. Lakini kazi ile niliipenda, na nasema hivyo bila aibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuwa hodari wa kitu kingine chochote. Nilijifunza kusikia. Mshambuliaji anayekaribia kuanguka anapumua kwa namna yake kabla hajaita, na Godi alikuwa anaanza kugonga mguu sakafuni. Kabla hajasema "Zuu, dawa!" nilikuwa nimeshafika. Mwaka mzima jina langu lilikuwa nusu ya kelele: Zuu dawa, Zuu njoo, Zuu uko wapi. Hakuna siku aliyosema ahsante, na mimi sikuwa naingoja. Ukishamwinua mtu ameshaondoka, unabaki unaangalia mgongo wake.

Aliyeniona ni Hitesh. Alikuwa mlinzi, na alikuwa mlinzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, mtu anayejua mnyama atapita wapi kabla mnyama mwenyewe hajajua. Saa saba mchana tulikula pamoja pale pale kwenye viti. Hitesh alileta mikate myembamba ya manjano yenye majani ya uwatu, imefungwa kwenye kitambaa, na achari ya limau iliyotoboa ulimi. Mimi nilileta kachori za Shangazi. Godi aliagiza chipsi mayai, na kwa kuwa Hitesh hali mayai, Godi kila siku alimsogezea sahani puani akimwambia, "Onja bwana, mungu wako hakuoni huku ghorofani." Hitesh anasogeza kiti chake kidogo, Godi anasogeza sahani tena, mpaka Hitesh anafika ukutani. Nilikuwa nacheka. Nikiangalia nyuma naona kwamba kila kitu kilikuwa pale kwenye ile sahani: mmoja anasukuma, mwingine anasogea, na mimi nacheka.

Kila Jumamosi saa nane mchana Anko Bharat alipanda na dasta, akafuta ubao mweupe wa karibu na mlango na kuandika upya majina kwa idadi ya vichwa, yaani wanyama uliowaua wiki hiyo. Ndio ulikuwa utaratibu wa chumba, na watu walitoka mpaka Ilala na Magomeni kuja kusoma ubao. Godi alikuwa juu daima, mia tatu na kitu, mia nne. Chini kabisa, wiki baada ya wiki, Hitesh kumi na tisa, Zuu wanne. Siku moja nikachukua kalamu nikachora mstari pembeni, nikaandika "Walioinuliwa", na chini yake jina langu na mia moja na sita, kwa sababu nilikuwa nawahesabu. Anko akaja akasoma, akafuta kwa upole. "Binti, ubao mdogo huu," akasema. "Watu wanataka kuona nani kaua." Nilipokaa, Hitesh akainama kwangu akanong'ona, "Sisi wa nyuma ndio gemu, Zuu. Godi ni matangazo tu."

Sentensi hiyo niliishi nayo miezi mitano. Watu wananiuliza kama nilimpenda, hata mume wangu aliwahi kuuliza. Nilimwamini, na kwangu hilo lilikuwa kubwa zaidi. Nikisimama nyuma ya ukuta wa Hitesh sikuwa nageuka kuangalia mgongo wangu.

Halafu ukaja mwaliko wa Nairobi. Kulikuwa na mashindano ya Ngome, na kila mji ungepeleka timu moja, na Anko Bharat alikuwa na jamaa kule aliyepanga mambo. Sisi watatu tungekwenda kwa basi. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka hata Chalinze. Nilipiga picha za hati ya kusafiria nikiwa nimetoa macho kama niliyekamatwa, na Shangazi, ambaye siku zote aliiita ile gemu upuuzi, akanunua sweta zito la zambarau kwa sababu mtu alimwambia Nairobi kuna baridi. Akalitundika kwenye msumari dukani, juu ya rafu ya zipu, na kila mteja aliyeingia aliambiwa, "La Zuhura hilo. Anakwenda Kenya kushindana." Kushindana nini hakusema, na wateja hawakuuliza. Nataka mnielewe hapa: haikuwa gemu tena. Matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa yametoka na hayakunipeleka popote. Ile safari ndiyo ilikuwa jibu langu kwa kila aliyeniuliza, "Sasa wewe unafanya nini?"

Jumamosi moja kabla ya safari tulicheza mbele ya watu. Hakuna timu ya Dar iliyokuwa imemaliza awamu ya ishirini, na Anko alitaka tumalize pale, mchana, chumba kimejaa watu wamesimama nyuma ya viti. Tulifika ya ishirini wote watatu wazima. Mpango wetu ulikuwa mmoja na Godi aliujua kama jina lake: asivuke daraja. Ng'ambo ya daraja siwezi kumfikia. Lakini ilikuwa Jumamosi, ubao haujaandikwa, na kuna kijana wa Ilala alikuwa amemkaribia kwa vichwa. Godi akavuka. Nikamwambia rudi. Akasema, "Nifuate!" Nikakimbia hadi mlangoni, na pale pale nikasikia chuma kikishuka. Hitesh alikuwa amefunga mlango. Alifanya sawa, kundi lilikuwa linakuja kutoka kushoto, na angeacha wazi tungekufa wote. "Hitesh, fungua," nikasema. Akasema, "Siwezi, Zuu." Hayo mawili tu, kwenye hedifoni, ambako hasikii mwingine zaidi ya sisi watatu. Ng'ambo ya chuma nililiona duara la Godi likipungua. Kumi, tisa, nane. Nikasimama mlangoni na sindano mkononi mpaka likaisha. Bila mshambuliaji, na sisi tukafuata.

Godi akavua hedifoni akaibamiza mezani. "Tabibu kalala! Mmemuona? Nimeita, kasimama tu kama mlingoti!" Watu wakanung'unika, kwa sababu kweli kwenye kioo changu waliniona nimesimama, na kwa mbali mlango haukutambulika kama uko wazi au umefungwa. Nikasema mlango ulikuwa umefungwa. Anko Bharat, mikono nyuma, akamgeukia mpwa wake. Naikumbuka feni ya katikati ilivyokuwa inalia kila ikizunguka. "Hitesh, mlango ni wako. Ulikuwa umefungwa au wazi?" Hitesh akaangalia kibodi yake. Alikuwa anaishi nyumbani kwa Anko, anakula kwa Anko, na wiki ile ile Anko alikuwa amemfokea mbele ya wateja kwa boksi moja la taa lililovunjika. Nayajua yote hayo. Niliyajua hata wakati ule. "Ulikuwa wazi, Anko," akasema.

Mlinzi aliyenizoesha nisigeuke kuangalia mgongo wangu. Nilishuka ngazi, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikahesabu zile ngazi, ishirini na saba.

Walikwenda Nairobi na binamu yake Godi, mshambuliaji mwingine, akakaa kwenye kiti changu na bunduki kubwa. Wawili wanaua, mmoja analinda, hakuna wa kuwainua. Walitolewa asubuhi ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana. Sitasema sikufurahi. Nilifurahi mpaka nikajiogopa, nikaenda nyuma ya duka nikacheka peke yangu kati ya maboksi ya vifungo. Lakini sweta lilikuwa bado kwenye msumari, na wateja walikuwa bado wanauliza, "Vipi, Kenya mmeshinda?" na Shangazi anajibu, "Alipata homa," bila kuniangalia. Alikaa na uongo ule mpaka kiangazi, halafu sweta akampa mama mmoja wa Lushoto. Hitesh alinitumia kwa mtu pakiti ya biskuti za Nairobi. Niliziweka kaunta zikaliwa na wateja.

Godi alishuka mwenyewe dukani baada ya wiki mbili. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo, akaegemea kaunta akachezea vifungo vyangu. "Zuu, rudi bwana. Kule tumekufa kama kuku. Kiti chako kipo." Ningesema hapana ingekuwa heshima, na leo ningekuwa na kitu cha kujivunia. Nikarudi. Nilikaa kwenye kiti changu, nikavaa hedifoni yangu, na kwa wiki tatu niliwainua kama zamani, kimya. Hitesh alinisogezea mikate yake ya manjano nami nikasema nimeshiba. Alijaribu siku nne, ya tano akaacha. Hata yeye alifikiri ile habari ya mlango imekwisha.

Jumamosi ya tatu tukafika awamu ya ishirini tena. Watu wamejaa, Anko yuko mlangoni na dasta yake. Safari hii Godi hakuvuka daraja. Alikuwa amejifunza, na alipigana vizuri, na akaanguka hatua tatu kutoka nilipo. Hitesh akaanguka karibu naye, akiuziba mlango kwa mwili wake. Maduara mawili, sindano moja. Ilitosha. Ningemwinua yeyote kati yao na tungemaliza, wa kwanza Dar nzima. Godi alikuwa anapiga kelele, "Zuu dawa! Zuu!" na mguu wake unagonga sakafu. Hitesh hakupiga kelele. Aliondoa macho kwenye kioo chake akageuka akanitazama mimi, usoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya katikati ya mchezo. "Zuu," akasema taratibu. Nikaangalia duara lake. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe na sikukibonyeza. Nilihesabu zote kumi. Halafu nikavua hedifoni, nikauzungusha waya wake vizuri kama tulivyofundishwa, nikasimama. Nyuma yangu Godi alikuwa anawaambia watu, "Si niliwaambia? Si niliwaambia huyu analala?" na sasa hakuwa anasema uongo. Hicho ndicho nilichojifanyia. Uongo wao niliuchukua kwa mikono yangu nikaufanya kweli, na tangu siku hiyo sina pa kusimama nikidai haki yangu. Anko akafuta jina langu ubaoni, na wale wanne wangu.

Chumba kilifungwa mwaka uliofuata, kompyuta zikauzwa, mapazia yakabaki na zipu zangu. Hitesh alioa, akaendesha biashara ya taa baada ya mjomba wake, huko mjini. Tulikutana mara mbili tatu barabarani, tukasalimiana kwa vichwa.

Mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa na mteja anayechagua vifungo vya koti, simu ikaingia meseji ya sauti kutoka namba nisiyoijua. Nikaiweka sikioni. "Zuu, mambo. Hitesh hapa, wa Ngome. Namba yako kanipa Godi. Niko hospitali, figo hizi, lakini niko poa. Sikiliza. Mlango nilifunga mimi. Nilikuona umesimama pale, na nilikusikia. Nilimwogopa Anko. Sina la zaidi. Nijibu basi, hata neno moja." Nyuma yake ilisikika toroli ikipita na mtu anakohoa. Nikamuuzia mteja vifungo vyake kumi na mbili. Mchana nikaisikiliza tena. Kwake zilionekana tiki mbili za bluu, kwa hiyo alijua nimesikia. Ningeweza kuandika "sawa". Ningeweza kuandika "Hitesh". Nikajiambia acha angoje kidogo, mimi nimengoja miaka ishirini na miwili, yeye siku mbili tatu zitamuua? Nilijiambia hivyo kwa maneno hayo hayo. Nilikuwa napika, naswali, nahesabu zipu, na muda wote najua kwamba ninacho, kiko mkononi, ni kubonyeza tu. Na utamu ulikuwepo, siwezi kuficha. Siku ya tisa Godi akapiga simu.

Saa kumi na moja ilipotimia pale ukumbini tukasimama wote. Mke wa Hitesh alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyovimba, nyeupe imemzidi mwili. Hatukuwahi kuonana. Alikuwa anakutanisha viganja kwa kila anayepita, na mimi nilidhani nitapita kama wengine, lakini mbele yangu Godi aligeuka akasema kwa sauti, "Zuu, nakungoja nje." Mikono ya yule mama ikashuka.

"Wewe ndiye Zuu?" akaniuliza. "Mimi nilidhani ni mwanamume, mtu wa mzigo wa taa labda. Kila nikiingia asubuhi ananiuliza, 'Niangalizie simu, Zuu amejibu?' Mpaka siku ile ya mwisho aliuliza."

Nilimwambia simu yangu iliharibika. Nilimwambia iko kwa fundi tangu mwezi uliopita, na kwamba ningejua ningekuja mbio. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Pole, dada. Basi usijilaumu, hukujua," akaniachia, nikaenda nje kutafuta viatu vyangu.